Mwalimu wa Kauli na Marehemu wa Buhembe

Kwa zaidi ya miaka thelathini mwalimu wetu alifundisha sarufi ya Kiswahili katika shule za sekondari, na alipostaafu akagundua kwamba kumbe ipo sarufi nyingine ambayo mkosaji wake huadhibiwa papo hapo. Binti yake anayeishi ng'ambo alikuwa amemletea kompyuta ya mkononi ili wawe wanaonana kwa picha. Walionana mara mbili. Mara ya tatu hakupokea, kwa sababu alikuwa anasoma namna ya kuiandikia mashine hiyo amri, na tangu siku hiyo hakuitumia kwa kazi nyingine.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, maana mwenyewe alikuwa hasemi. Ukimuuliza, alijibu kwamba mashine haijawahi kumuuliza. Mimi nilimfahamu akiwa mzee tayari, katika chumba alichokodi Miembeni, Bukoba mjini, nyuma ya duka la fundi cherehani, ambako alifundisha uandishi wa programu kila siku isipokuwa Jumapili. Tulikuwa wanafunzi wanane, watu wazima wote. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimemaliza chuo cha ualimu, sijapata kituo, na mama alikuwa amechoka kuniona nyumbani.

Neno lake kubwa lilikuwa kauli. Kila mstari wa programu aliuita hivyo. Kauli, alisema, ni jambo moja ulilolitaka, limesemwa mara moja, likakomeshwa kwa nukta mkato. Mashine huanza kauli ya juu kabisa, huitekeleza, hushuka kwa inayofuata, hivyo hivyo hadi chini. Hairuki, haikisii, haikuonei haya.

"Ukimwambia mtu, 'Funga mlango, utoke,' anaelewa kwamba atatoka kwanza," alitueleza siku ya kwanza. "Mashine itafunga mlango, kisha itatoka. Mtaikuta hapo imepasuka pua. Msiilaumu."

Alipenda lugha hii kiasi kwamba ilimwingia mwilini. Akimaliza sentensi, hata ya mdomo, alibonyeza kidole cha shahada juu ya kitu chochote kilichokuwa karibu. Hiyo ilikuwa nukta mkato. Sokoni aliibonyeza juu ya parachichi za watu. Muuzaji mmoja alimvumilia miezi kadhaa akidhani anapima kama zimeiva, mpaka siku mwalimu alipobonyeza yai.

Jambo jingine ni maelezo. Katika programu unaweza kuandika maneno ambayo mashine huyapita bila kuyasoma. Ni ya kumsaidia binadamu tu. Mwalimu akayagawa maneno yote ya duniani mafungu mawili, kauli na maelezo, na fungu la pili lilikuwa kubwa kupita kiasi. Kanisani, matangazo yakirefuka, aliniinamia na kuninong'oneza, "Haya ni maelezo. Tusubiri kauli." Alikuwa pia katibu wa chama chetu cha kuzikana pale Buhembe, na mwenyekiti wetu, fundi redio mstaafu, alikuwa mtu wa kuzungumza. Mara moja mwenyekiti alihutubia tangu saa nane mpaka jua likapoa. Mwalimu katika kumbukumbu za kikao aliandika mstari mmoja: "Mkutano ujao ni Jumamosi."

Mwenyekiti alipousoma, aliuliza, "Na yale mengine?"

"Yamo," mwalimu akamjibu. "Yamerukwa."

Kwa mtu wa namna hiyo ungetarajia nyumba iliyopangika. Wapi. Alivaa viatu kisha akaanza kutafuta soksi. Alipanda maharage kisha akafyeka. Akisimulia kisa alianzia mwisho, akarudi katikati, na mwanzo aliukumbuka kesho yake mlangoni kwako. Mkewe, ambaye alizungumza naye Kihaya tu na kwetu akatumia Kiswahili kizuri cha shule, alituambia, "Huyu mashine ingemkataa."

Mkewe ndiye aliyetufundisha masharti kuliko mwalimu mwenyewe, ingawa hakukusudia. Siku moja mwalimu alitaka kutuonyesha jinsi kauli ya sharti inavyofanya kazi. Akapaza sauti kuelekea uani, maana siku hiyo darasa lilikuwa nyumbani kwake: "Kama chai ipo, lete chai. La sivyo, lete uji."

Hatukusikia kitu. Akarudia. Kimya. Baada ya muda mkewe akaingia kutoka barabarani na kikapu mkononi, akauliza tunangoja nini. Tukamweleza.

"Na kama mimi mwenyewe sipo?" akasema.

Mwalimu alimtazama kwa heshima ambayo sikuwa nimeiona kabla, akafungua daftari lake, akaandika hilo swali kwa wino mwekundu. Wiki nzima iliyofuata tulisoma jinsi ya kuandikia hali ambayo hukuifikiria.

Lakini somo tulilolikumbuka wote ni la ndizi. Alitutaka tuandike kauli za kupika ndizi, yeye awe mashine. Tuliona ni mzaha. Watu wa Bukoba tufundishwe kupika ndizi? Tukaandika haraka haraka: menya ndizi, weka chunguni, tia maji, weka chungu jikoni, ngoja mpaka ziive. Mwalimu alimenya mkungu mzima, kwa sababu hatukutaja idadi. Akajaza chungu, nyingine zikabaki sakafuni, akamwaga maji mpaka yakafika miguuni kwetu, kwa sababu hatukusema yakome wapi. Akakiweka chungu jikoni, akavuta kigoda, akakaa.

Jiko halikuwa na moto. Hatukuwa tumeandika uwashwe.

Mmoja wetu alitaka kuliwasha. Mwalimu akamzuia kwa mkono bila kugeuka. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Tulienda kula mchana, tukarudi, yuko palepale, anakitazama chungu. Tulimsemesha hakujibu. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa mlokole alianza kumwombea. Saa kumi mkewe akaja, akatazama chungu, akatazama mume, akaelewa bila kuambiwa. Akamshika kwapani, akamwinua.

"Katisha," akamwambia.

"Asante," mwalimu akasema, akajinyoosha mgongo. Kisha akatuambia kwamba kuna kauli inayofanya hivyo hasa, kuitoa mashine katika mzunguko usiokwisha, na kwamba asiyeijua asioe.

Sasa niseme lile lililotupata, ambalo mpaka leo nikipita Buhembe kuna watu wazima wanaoniamkia, "Shikamoo, marehemu."

Chama cha kuzikana kilikuwa na wanachama hai sitini na wanne. Mtu akifariki, wenzake hufika na mkungu wa ndizi na kuni, na wengine kwa zamu huteka maji na kupika. Tatizo lilikuwa habari. Mwenyekiti alizoea kupiga simu kwa mmoja mmoja, na kwa jinsi alivyopenda kuzungumza, wengine walipata habari marehemu ameshazikwa. Mwalimu akaona hiyo ni kazi ya mashine, akanipa mimi niiandike, iwe mtihani wangu wa mwisho.

Niliingiza daftari lote la chama. Kila mwanachama alikuwa na jina, namba ya simu, na kitu nilichokiita hali. Hali zilikuwa tatu: hai, amefariki, amezikwa. Programu ilitakiwa ipite majina yote kwa mpangilio wa alfabeti, na kila ikifika kwa mtu iulize kama hali yake ni amefariki. Kama ni hivyo, itume tangazo kwa simu za wengine wote. Nilikuwa nimeweka hata adabu ndani yake: marehemu mwenyewe asitumiwe tangazo la kifo chake, maana simu huwa inabaki mikononi mwa familia.

Mwalimu aliisoma kazi yangu mstari kwa mstari. Alinisahihishia tahajia ya "tunasikitika", akatia sahihi pembeni. Jumamosi asubuhi tukaijaribu. Hakukuwa na aliyefariki wiki ile, kwa hiyo nilitarajia mashine ipite orodha, isikute maiti, inyamaze.

Mwalimu alikuwa anakunywa chai. Simu yake ikalia. Akausoma ujumbe, akasimama, akavua kofia.

"Katekista amefariki," akasema.

Simu ikalia tena. "Na fundi seremala." Ikalia. "Na mkewe." Ikalia. Alipofika kwa mtu wa tano akaivaa kofia yake.

"Binti," akasema, "hebu nione mstari wako wa nne."

Katika lugha ile, alama moja ya sawasawa na alama mbili ni vitu viwili tofauti kabisa. Alama mbili ni swali: je, hali yake ni amefariki? Alama moja ni amri: hali yake iwe amefariki. Na mashine ikishatekeleza amri hiyo huona sharti limetimia, ikaendelea na tangazo. Mimi nilikuwa nimeweka alama moja.

"Hukuuliza kama wamekufa," mwalimu akasema taratibu, kidole chake juu ya skrini. "Umewafisha."

Nilichomoa waya, lakini betri ilikuwa imejaa. Tulipofanikiwa kuizima, ilikuwa imemaliza orodha. Walikufa wote sitini na wanne, na wale saba waliokwisha kuzikwa miaka ya nyuma wakafa tena.

"Na mimi?" mwalimu akauliza.

"Wewe pia, Mwalimu."

"Sijapata ujumbe."

"Marehemu hatumiwi."

Akatikisa kichwa polepole. "Hapo uliandika vizuri."

Kwa sababu ya ile adabu yangu, kila mwanachama alipata habari ya vifo vya watu wote isipokuwa chake. Kwa hiyo Buhembe nzima ilikuwa na watu sitini na kitu, kila mmoja akiamini kwamba amebaki peke yake. Baadaye walitusimulia. Seremala alidhani kuna lori la harusi limepinduka na yeye tu hakualikwa. Mwenyekiti alikaa kitandani akijiuliza atawazikaje watu wote wale na jembe moja. Alianza kupiga simu lakini wote walikuwa wanapigiana kwa wakati mmoja, kila namba inatumika, na hilo likamthibitishia.

Watu wakafanya walichozoea. Wakakata mikungu, wakafunga kuni, wakatoka. Wanawake wawili majirani walikutana njiani, kila mmoja na ndizi kichwani, kila mmoja anakwenda msibani kwa mwenzake. Walitazamana. Walioona wanasema hakuna aliyepiga kelele. Walitua mikungu chini, wakashikana mikono, wakagusana nyuso, na yule mkubwa akasema, "Basi, kama ni hivi, siendi tena." Wakageuka na kwenda pamoja kwa wa tatu, ambaye hawakumkuta kwa kuwa naye alikuwa ametoka kwenda kwao.

Mama yangu alishuka kwa miguu kutoka Buhembe mpaka Miembeni, kanga ameifunga kiunoni. Nilimwona amesimama mlangoni mwa darasa. Nilikuwa nimeinama kwenye mashine nikijaribu kutuma ujumbe wa kukanusha. Alinitazama muda mrefu.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado, mama."

Akaingia, akakaa kwenye benchi, akavua viatu, akavipanga vizuri kando yake. Ndipo akalia. Nimefanya makosa mengine maishani, ila hilo ndilo bado linanijia nikiwa nimekaa tu.

Mchana wanachama wote walikusanyika kwa mwenyekiti, wengine kwa hasira, wengine kwa kuwa tayari walikuwa na ndizi mikononi na hawakujua pa kuzipeleka. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa na uchungu zaidi, na nilidhani ni kwa ajili ya aibu ya chama. Kumbe alikuwa amezunguka akikagua. Kwa katekista ilipelekwa mikungu kumi na mmoja. Kwake uliletwa mmoja, na mdogo.

Alitaka nifukuzwe. Nilisimama ili nikiri, lakini mwalimu alinitangulia.

"Kauli ile niliipitisha mimi," akasema. "Sahihi yangu iko pembeni. Huyu aliandika, mimi nilisoma, na kazi yangu ilikuwa kusoma. Kama kuna wa kutolewa, nitoeni mimi." Akabonyeza kidole juu ya meza ya mwenyekiti.

Kisha akajaribu kuwaeleza alama moja na alama mbili. Alichora ardhini kwa kijiti. Watu walimtazama kama wanavyomtazama daktari akitaja dawa. Aliyeelewa ni mmoja, bibi mjane aliyekaa kwenye mkeka na fimbo yake mapajani.

"Kwa hiyo ile mashine haikuuliza kama nimekufa," akasema bibi. "Iliniambia nife."

"Ndiyo, mama."

"Nami nikakataa."

"Ndiyo, mama. Nyote mlikataa."

"Mimi nilijua mapema," bibi akaendelea. "Nilipoona na mume wangu yumo, nikasema, kama huyu amekufa leo, miaka minne alikuwa wapi?"

Alicheka yeye, kisha seremala, kisha wote. Hata mwenyekiti alicheka, ingawa alichelewa. Ndizi zilikuwa pale, kuni zilikuwa pale, zikapikwa. Sijawahi kula kwenye msiba mkubwa kama ule, na marehemu wote walipata nyongeza.

Mwalimu hakutolewa. Mimi nikaamriwa nirekebishe daftari kabla ya Jumatatu, maana ndani ya mashine watu wote bado walikuwa wamekufa. Niliandika kauli moja: kwa kila mwanachama, hali iwe hai. Safari hii alama moja ilikuwa sahihi. Nikachapisha orodha, ikabandikwa ukutani kwa mwenyekiti pamoja na zamu za kuteka maji na kuleta kuni.

Nilisahau tena. Niliposema kila mwanachama, mashine ikasikia kila mwanachama. Wale saba waliozikwa wakafufuka pamoja nasi, wakapangiwa zamu. Mume wa yule bibi alipangiwa kuni.

Aligundua bibi mwenyewe, alipokuja kusoma zamu yake. Nilikuwepo, na mwalimu alikuwepo. Nilimuomba radhi, nikamwambia nitaenda Miembeni sasa hivi kumfuta.

"Usikimbie," bibi akasema. Aliweka kidole kwenye jina la mumewe ukutani, akalifuata mpaka kwenye neno hai, akarudi nyuma, akalifuata tena. "Mwacheni walau msiba mmoja upite. Kuni zake nitaleta."

Nilimtazama mwalimu. Huyu ni mtu aliyewahi kurudi kwa miguu kutoka sokoni kwa ajili ya nafasi moja iliyozidi kati ya maneno mawili. Niliona anavyoumia.

"Iachwe," akasema.

Msiba uliofuata, wa kweli, bibi alifika na mizigo miwili ya kuni. Mmoja aliuweka mwenyewe. Wa pili aliutaja kwa jina la mumewe, na mwalimu, akiwa katibu, akauandika kwa jina hilo. Wiki ile ilipokwisha, hakuniagiza nifute. Sikufuta. Bibi alileta mizigo miwili kwa karibu miaka miwili, mpaka zamu yake mwenyewe ya kulala ilipofika, na siku hiyo mwalimu akaniambia, kwa sauti ya kawaida, sasa wabadilishe wote wawili.

Baada ya hapo nilipata kazi Mwanza, na yeye akahamia Kagoma kwenye kibanja cha familia, shamba la migomba na kahawa. Miaka ikapita, salamu zikawa za simu, kisha za mkewe peke yake. Mwaka huu nilipanga safari nikamwone.

Nilimkuta anatembea kati ya mibuni, amekonda, kofia imemzidi. Alinitazama, akatazama begi langu, uso wake ukafunguka.

"Bibi shamba," akasema. "Hatimaye ofisi imekutuma."

Nilimtazama mkewe aliyekuwa mlangoni pa jiko. Alitikisa kichwa kidogo tu, na sikuelewa kama ananikatalia au ananiomba. Nikasema, "Ndiyo, mzee. Nimechelewa kidogo."

Akanitembeza mbuni kwa mbuni. Alitaka kujua kila kitu: majani kugeuka manjano, mbolea, wadudu. Mimi niliyekulia mjini, hata ndizi nikinunuliwa, nilijibu kwa kadiri ya ujasiri wangu. Alinitolea daftari la shule, akaandika kila nilichosema. Aliuliza mbuni mkongwe uachiwe mashina mangapi.

"Moja," nikasema, kwa sababu ilisikika vizuri.

Akaandika. Akasema ataanza alasiri hii hii, panga analo.

Mkewe alinisindikiza mpaka barabarani. "Tangu mwezi wa nne anamngojea huyo mtu wa kilimo," akaniambia. "Leo atakula vizuri. Asante, mwanangu."

Nilifika Muleba mjini, na wakati nangoja gari la Mwanza niliingia duka la pembejeo, nikanunua kijitabu cha kilimo cha kahawa, nione nilichokosea. Nilikisoma nimesimama. Ukurasa wa sita ulisema mbuni wa kwetu huachiwa mashina matatu au manne, na shina lililokatwa huchukua miaka kuzaa tena.

Nikaita pikipiki, nikarudi Kagoma.

Alikuwa mbele ya mbuni wa kwanza, daftari liko wazi juu ya jiwe, ananoa panga. Nikamwambia nikiwa bado nahema kwamba nilikosea, si moja, ni matatu. Hakushangaa. Alilichukua daftari, akafuta, akaandika upya, akaliinua karibu na macho kuhakikisha.

"Umerudi kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu, mzee."

Akaniuliza jina langu, aliandike kando ya sahihisho. Nikamtajia.

"Niliwahi kumfundisha mtu wa jina hilo," akasema akiandika. "Ana akili. Ila alikuwa hairudii kazi yake."

"Labda siku hizi anairudia," nikasema.

"Labda," akasema, akainama kuhesabu mashina.